Dai na Deni: Historia ya Barua za Madai ya Filamu

Wahenga walisema kwamba dawa ya deni ni kulipa, na usemi huo umesimama imara kwa kuwa deni ni jambo lililokwisha kuthibitika: mtu alikopa, mashahidi wapo, na siku ya kulipa yajulikana. Lakini juu ya dawa ya dai hawakusema hivyo. Maneno hayo mawili yakaribiana kwa sauti, na wasiojali huyachanganya. Hata hivyo asili zake katika Kiarabu ni mbalimbali, deni likitokana na neno lenye maana ya kukopa, na dai likitokana na neno lenye maana ya kuita na kushitaki. Deni hulipwa. Dai husikilizwa kwanza, likapimwa, ndipo ikajulikana kama ndani yake mna deni au hamna. Tofauti hiyo ya lugha ndiyo kiini cha jambo lililowasumbua watu wengi duniani tangu mwanzo wa karne hii, nalo ni barua imwambiayo mtu kwamba amepakua filamu kwa njia isiyo halali, ikamtaka alipe fedha kadha wa kadha kabla ya siku fulani, la sivyo atapelekwa mahakamani.

Manyamanyama ni kata katika mji wa Bunda, mkoani Mara, katika nchi ya Wajita, Waikizu, Wasukuma na makabila mengine yaliyochanganyika. Huko, kama katika miji mingine midogo ya Tanzania, barua za namna hiyo si desturi. Lakini vijana wa Mara hawakai Mara tu. Wako wanaosoma na kufanya kazi Ujerumani, Uingereza, Marekani na Kanada, na jambo liwapatalo huko hufika nyumbani kwa simu siku ile ile: mwana amepata barua ya wakili, anadaiwa mamia ya yuro, na ukoo unaombwa uchange. Basi si jambo la nchi za mbali peke yake. Ng'ombe wa mzee aweza kuuzwa Bunda kwa sababu ya karatasi iliyotiwa sahihi Ulaya, na wauzao wakawa hawajauliza kama karatasi ile ni hukumu au ni maombi.

Ili barua hiyo ifahamike, yafaa kutazamwa kwanza jinsi filamu zilivyoingia Afrika ya Mashariki na jinsi sheria ya mtunzi ilivyokuja nyuma yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palifanywa jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment, lenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu zaidi ya 30, na lori lenye mashine ya umeme likazizungusha mijini na vijijini, likatandaza kitambaa cheupe penye uwanja na kuwaonyesha watu mambo ya kilimo, afya na maisha ya mjini. Mtazamaji wa siku zile hakuwa na hatari yo yote ya kudaiwa. Filamu ilikuwa ndani ya mikebe ya chuma, mikebe ilikuwa ndani ya lori, na lori lilikuwa mali ya waliolileta. Lilipoondoka, picha ziliondoka nalo, na aliyebaki na kitu alibaki na kumbukumbu tu.

Sheria nayo ilikuwapo, ijapokuwa wananchi wachache waliisikia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 ilienezwa katika makoloni, na Tanganyika ikapata amri yake ya hakimiliki mwaka 1924. Baada ya Uhuru, Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, na hiyo ikadumu zaidi ya miaka 30. Mwaka 1994 Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne, ambao nchi wanachama wake huahidiana kuzilinda kazi za watunzi wa kila mmoja wao kama wazilindavyo kazi za watu wao wenyewe. Kisha mwaka 1999 ikaja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, nayo ikaanzisha chama cha kusimamia haki hizo kilichoitwa COSOTA. Tangu hapo filamu iliyotengenezwa Hollywood na filamu iliyotengenezwa Dar es Salaam zote mbili zina mwenyewe mbele ya sheria ya Tanzania.

Lakini wakati sheria ilipokuwa ikipiga hatua moja, ufundi ulikuwa ukipiga hatua kumi. Kanda za video ziliitoa filamu katika jumba la sinema zikaipeleka katika vibanda vya mabati, ambavyo watu kwa mzaha waliviita vibanda umiza. Wakatokea mafundi wa kusimulia, kama Lufufu, ambao walizitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili, wakazipa wahusika tabia na utani wa kwetu, hata mtazamaji asiyejua neno la Kiingereza akacheka na kulia panapostahili. Zikafuata sidii, zikafuata dividii, na baada yake kadi ndogo ya kumbukumbu itiwayo ndani ya simu, ambayo mwenye duka humjazia mteja filamu na nyimbo kwa shilingi chache. Mwezi Julai mwaka 2009 haukuwa na fahari ya sherehe vijijini, lakini katika mwezi huo wa Julai waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulianza kazi Dar es Salaam, na tangu hapo njia ya mtandao ilizidi kupanuka mwaka hadi mwaka. Filamu haikuhitaji tena lori, wala kanda, wala duka.

Mabadiliko hayo yalileta jambo jipya katika historia ya hakimiliki. Zamani aliyenakili kazi ya mwingine alikuwa mfanya biashara mwenye mashine, na mtunzi aliyeibiwa alijua mlango wa kubisha hodi. Sasa mtu wa kawaida, aliyeketi kitandani na simu yake, aliweza kutenda kwa kidole jambo ambalo zamani lilihitaji kiwanda. Ndipo wenye filamu walipoanza kuwaandikia watu wa kawaida barua.

Hata hivyo barua yenyewe si mtoto wa mtandao. Umri wake wapita miaka 140, na mahali ilipozaliwa ni London. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kuwalinda watungaji wa michezo ya kuigiza, na katika sheria hiyo likaweka kwamba mtu aonyeshaye mchezo bila idhini atalipa si chini ya shilingi 40 kwa kila onyesho. Mwaka 1842 ulinzi huo ulienezwa kwa nyimbo. Kwa miaka mingi hakuna aliyeudhika. Lakini mwaka 1875 mtu mmoja aitwaye Harry Wall alianzisha ofisi ya kulinda haki za watunzi, akajipatia mamlaka juu ya nyimbo zilizopendwa na watu, kisha akawa akizitafuta habari za tafrija ndogo ndogo za vijijini. Msichana akiimba wimbo mmoja katika tafrija ya kuchangia maskini, barua ilimfikia: alipe pauni mbili, ama ashitakiwe. Waliopata barua hizo hawakujua kwamba wimbo ulionunuliwa dukani ukiwa umechapishwa karatasini ulikuwa na haki nyingine ya kuimbwa mbele ya watu. Wengi walilipa kwa hofu.

Yafaa kuangalia kwa makini kosa la mambo hayo lilikuwa wapi. Wall hakusema uongo juu ya sheria. Sheria ilikuwa kama alivyoisema. Kasoro ilikuwa katika kipimo. Adhabu iliyowekwa ili kumzuia mwenye jumba kubwa la maonyesho ilimwangukia mwimbaji wa kijiji, wala hakimu hakuwa na ruhusa ya kuipunguza. Kwa hiyo dai lilipata nguvu si kwa ukubwa wa hasara aliyoipata mtunzi, bali kwa ukubwa wa hofu ya mdaiwa. Bunge lilitambua hayo. Kwa sheria ya mwaka 1882 liliamuru kwamba atakaye kujiwekea haki ya wimbo wake kuimbwa hadharani aandike tangazo katika ukurasa wa kwanza wa wimbo uliochapishwa. Na kwa sheria ya mwaka 1888 likampa hakimu uwezo wa kutoza kiasi kidogo kuliko shilingi 40 akiona ni haki, na uwezo wa kuamua gharama za kesi zibebwe na nani. Haki ya mtunzi haikufutwa. Iliwekewa mizani.

Miaka 120 na zaidi ikapita, na hadithi ile ikarudi katika mavazi mapya. Mwaka 2001 ilitolewa programu iitwayo BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen wa Marekani. Ufundi wake ni huu: faili kubwa, kama filamu, hukatwa vipande vingi, na kila apokeaye kipande huwapa wenzake kipande hicho wakati ule ule anapongoja vingine. Basi ajidhaniaye kuwa anapokea tu, kwa kweli yu mpokeaji na mgawaji pamoja, na kugawa ndiko sheria za nchi nyingi hukuchukia zaidi. Lakini katika kundi hilo kila mmoja huonekana kwa namba yake, yaani anwani ambayo kampuni ya mtandao humpa mteja. Wenye filamu waliajiri watu wa kuingia katika makundi hayo na kuziandika namba pamoja na siku na saa. Kisha walikwenda mahakamani kuomba kampuni za mtandao zilazimishwe kutaja majina ya wenye namba. Uingereza walitegemea kanuni iliyowekwa na majaji wakuu mwaka 1973 katika shauri la Norwich Pharmacal, kwamba aliyehusika na kosa la mwingine bila kukusudia aweza kuamriwa atoe habari za mkosaji. Majina yakapatikana kwa maelfu, na barua zikapigwa chapa kwa maelfu.

Kisa kilichojulikana zaidi Uingereza ni cha ofisi ya wakili iliyoitwa ACS:Law. Kuanzia mwaka 2009 ilituma barua kwa watu wengi sana, ikidai kwa kawaida kiasi cha pauni 500, na mara nyingi filamu iliyotajwa ilikuwa ya uchi. Hapo aibu iliongezwa juu ya hofu. Mzee wa watu, asiyejua hata kuwasha kompyuta, aliambiwa katika barua kwamba namba ya nyumba yake imeonekana ikigawa filamu ambayo jina lake asingeweza kulitamka mbele ya wajukuu. Wengine walilipa ili neno hilo lisitajwe tena. Mashauri machache yalipofika mbele ya Jaji Birss, wadai walijaribu kuyaondoa yasisikilizwe. Jaji alikataa kuwaachia kirahisi, na katika hukumu yake ya tarehe 8 Februari 2011 alionyesha kwamba kuionyesha namba ya mtandao si sawa na kumwonyesha mtu aliyetenda, kwa kuwa nyumba moja yaweza kuwa na watu wengi, na mtandao usiofungwa waweza kutumiwa na jirani. Ofisi ile ilikwisha kufungwa siku chache kabla ya hukumu, na mwaka uliofuata mwenyewe akasimamishwa uwakili kwa miaka miwili.

Mwaka 2012 Jaji Arnold alisikiliza ombi lingine, la kampuni ya Golden Eye, iliyotaka majina ya wateja zaidi ya 9,000 wa kampuni ya simu ya O2 na kukusudia kuwadai pauni 700 kila mmoja. Jaji alisema wazi kwamba kiasi hicho hakikuwa na msingi, maana mdai hakujua ni filamu ngapi mtu alizigawa wala kwa muda gani. Akaruhusu sehemu ya ombi kwa masharti, na maneno ya barua yakapitiwa na mahakama kabla hayajatumwa. Mwaka 2015 Jaji Perram wa Australia alifuata njia iyo hiyo katika shauri la filamu ya Dallas Buyers Club, ambamo namba 4,726 zilitajwa. Aliiomba barua aisome, akakataa baadhi ya mafungu ya fedha yaliyokusudiwa kudaiwa, akataka kampuni iweke dhamana ya dola 600,000 za Australia kabla ya kupewa majina. Kampuni haikuendelea. Na huko Kanada, mwaka 2018 sheria ilibadilishwa ili taarifa zinazopitishwa kwa wateja na kampuni za mtandao zisiwe na madai ya fedha ndani yake.

Marekani jambo hilo lilifikia mwisho wa kusikitisha zaidi. Sheria ya huko humruhusu mwenye hakimiliki kudai fidia iliyowekwa na sheria bila kuonyesha hasara yake, kuanzia dola 750 hata dola 150,000 kwa kazi moja iwapo kosa lilikuwa la kusudi. Mtu akitishwa kwa dola 150,000, kulipa elfu tatu huonekana kuwa nafuu. Kundi la mawakili lililojulikana kwa jina la Prenda Law lilikusanya fedha nyingi kwa njia hiyo, hata ikagunduliwa kwamba lilikuwa likizipandisha filamu mtandaoni lenyewe ili kuwanasa watu, kama mvuvi atiaye chambo. Mwaka 2013 Jaji Wright wa California aliwatoza zaidi ya dola 81,000, na mwaka 2019 mmoja wao, Paul Hansmeier, alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya huko iliamua, katika shauri la mtu aliyekuwa na nyumba ya kutunzia wazee, kwamba kuwa na jina katika mkataba wa mtandao peke yake hakumfanyi mtu kuwa mkosaji.

Ujerumani yastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa huko barua hiyo ni desturi ya kisheria yenye nguvu kuliko mahali pengine, na wageni wengi hujikwaa. Barua ya wakili wa Kijerumani huwa na mambo mawili: dai la fedha, na hati ya ahadi ambayo mdaiwa hutakiwa kuitia sahihi, ya kwamba hatarudia tendo hilo, na kwamba akirudia atalipa faini. Anayesoma kwa haraka huzitazama fedha tu. Kumbe hati ile ndiyo yenye uzito mkubwa, kwa maana humfunga aliyeitia sahihi kwa miaka mingi, na mara nyingine maneno yake yameandikwa mapana kuliko yalivyolazimu. Lakini kuinyamazia barua nako ni hatari, kwa sababu mdai aweza kwenda mahakamani upesi na kupata amri, na gharama zikaongezeka. Mwaka 2013 Bunge la Ujerumani lilipunguza ada ambayo wakili aweza kumtoza mtu binafsi kwa barua ya kwanza, kwa kuweka kwamba thamani ya shauri la kumzuia isihesabiwe kuwa zaidi ya yuro 1,000. Mwaka 2014 mahakama kuu iliamua kwamba mwenye mtandao hawajibiki kwa matendo ya watu wazima wa nyumba yake ambao hakuwa na sababu ya kuwashuku. Hapa tena, baada ya miaka zaidi ya 120, palifanywa yale yale ya Uingereza ya mwaka 1888: haki ikabaki, kipimo kikawekwa.

Je, barua ya namna hiyo ikimfikia mtu wa Manyamanyama mwenyewe, akiwa nyumbani kwake? Sheria ya Tanzania haimwachi mkosaji bila adhabu. Sheria ya mwaka 1999 humtambua mwenye filamu na humpa njia ya kudai fidia. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu chake cha 24, ilifanya kuwa jinai kutumia kompyuta kwa kusudi la kuvunja haki hizo, hata pasipo biashara. Asiseme mtu, basi, kwamba Tanzania hakuna sheria. Lakini njia ya kutoka namba hadi jina ni ndefu. Kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje kwa wakati mmoja, hata namba iliyoandikwa Ulaya yaweza kuwa ni ya mamia ya watu wa Bunda, Musoma na Mwanza kwa pamoja. Ni kweli kwamba laini za simu zimesajiliwa kwa alama za vidole, lakini laini iliyosajiliwa kwa jina la baba huweza kuwa mkononi mwa mwana. Kisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 huzitaka kampuni zitunze siri za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza ukuta huo. Mdai halali lazima apite katika mlango wa sheria ili ajue jina. Asiyepita mlango huo, na bado analijua jina, huenda akawa mwizi.

Wezi wa aina hiyo si wageni. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyejua ujumbe umwambiao atume ile fedha kwa namba fulani, kana kwamba mapatano yalikwisha kufanyika. Huko Ulaya na Marekani, mwaka 2012, ilienea programu mbaya iliyofunga kompyuta za watu na kuwaonyesha nembo ya polisi, ikisema kwamba wamepakua vitu haramu na wasipolipa watakamatwa. Polisi hawakuwa na habari. Ujumbe wa simu na nembo ya uongo vyote viwili hutegemea jambo moja, kwamba mtu aliyeshituka hulipa kabla hajauliza.

Kutokana na historia hiyo yaonekana ni jibu gani limpasalo aliyepata barua. Kwanza, aijue barua ni ya nani: jina la wakili, ofisi yake, na kama yumo katika orodha ya mawakili wa nchi ile, na asipige simu kwa namba iliyo ndani ya barua kabla hajaithibitisha kwa njia nyingine. Pili, aangalie siku iliyowekwa, kwa maana dai la kweli likipuuzwa huweza kugeuka hukumu ya upande mmoja. Tatu, aulize kwa maandishi mambo ambayo mdai halali hawezi kukosa kuyajua: filamu ni ipi, mwenye haki ni nani na uthibitisho wake ni upi, namba ilionekana siku gani na saa gani, jina lilipatikana kwa amri ya mahakama ipi, na fedha zilizotajwa zimehesabiwaje. Nne, asikiri asilolitenda kwa kutaka amani, wala asikane alilolitenda, kwani uongo ulioandikwa huweza kumgharimu kuliko filamu. Asitie sahihi hati iliyotungwa na mdai kabla haijasomwa na mjuzi wa sheria wa upande wake. Vyuo vikuu vingi vya Ulaya vina ofisi za kuwashauri wanafunzi, Ujerumani kuna vyama vya kulinda haki za watumiaji, na Tanzania Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao huwafikia hata wasio na fedha za wakili. Na kama ametenda kweli, basi ajue kwamba kiasi kilichoandikwa katika barua ya kwanza ni maneno ya mdai, nayo huweza kujadiliwa.

Mtu aweza kuuliza kama shauri hilo halimpendelei mvunja sheria. Swali hilo ni la haki, na jibu lake li karibu na Bunda. Butiama, katika mkoa huo huo wa Mara, ndiko alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere, ambaye akiwa Rais alijipa kazi ya kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya pili ilichapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mada yake ni dai. Mkopeshaji anakuja mahakamani na hati iliyotiwa sahihi, na hati ni ya kweli. Mkopaji hakulipa siku iliyowekwa, wala hakuna anayekana. Mahakama haimwambii mdai kwamba hana haki. Humwambia achukue alichoandikiwa, pasipo kuzidisha hata tone, na hapo ndipo dai lake linapoporomoka. Mtazamaji wa mchezo huo hutoka akijua kwamba hata deni la kweli lina mpaka wake, na kwamba mwenye kudai zaidi ya mpaka hujivunjia mwenyewe haki aliyokuwa nayo.

Tafsiri hiyo yenyewe ni mfano wa upande wa pili. Shakespeare alikufa mwaka 1616, na kazi zake ni za watu wote. Hakuna awezaye kumwandikia mfasiri barua ya madai. Lakini maneno ya Kiswahili ni jasho la mfasiri, na sheria ya mwaka 1999 iliilinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kadhalika filamu za Kiswahili zilizoanza kushamiri mwanzoni mwa karne hii zina wenyewe, nao ni waigizaji, waandishi, wapiga picha na mafundi wa sauti, ambao wengi wao waliona kazi zao zikiuzwa sokoni katika dividii za bandia siku chache baada ya kutolewa. Serikali ilijaribu kuwasaidia mwaka 2013 kwa kuweka stempu za kodi katika sidii na dividii ili za halali zitambulikane, lakini watazamaji walikuwa wakihamia katika simu, ambako stempu haina pa kubandikwa. Mtunzi wa namna hiyo akidai, anadai chakula chake. Afanyaye dai la kweli lidharauliwe ni yule aliyetangulia na dai la uongo, kwa kuwa watu waliokwisha kutishwa bure husikia kila barua kuwa ni kitisho.

Kwa hiyo historia ya barua hizi, tangu tafrija za vijiji vya Uingereza hata simu za Mara, haimpi ushindi mdai wala mdaiwa. Yaonyesha kwamba kila mara hofu ilipowekwa mahali pa ushahidi, sheria ilichelewa, lakini mwishowe ilikuja na mizani yake. Na kila mara ilikuja kwa sababu watu fulani, badala ya kulipa kimya kimya, walisimama na kuuliza dai limetoka wapi na limepimwaje. Aulizaye hivyo hamnyimi mtunzi haki yake. Akiisha kujibiwa sawasawa, na deni likaonekana ndani ya dai, hapo usemi wa wahenga huanza kazi, na dawa yake yajulikana.